Bakteria wa kwanza wa mtoto njiti

Mtoto aliyetimiza miezi yake akazaliwa kwa njia ya kawaida hupata bakteria wake wa kwanza kwa mama: wakati wa kuzaliwa, anapolazwa kifuani, anaponyonya. Njiti huwapata wodini. Amezaliwa kabla ya wiki 37, pengine hata wiki ya 28, mara nyingi kwa upasuaji wa dharura. Anawekwa kwenye mashine ya joto, anapitishiwa mpira wa kulishia puani, na anaanzishiwa antibayotiki kwa kuhofiwa maambukizi. Vijidudu vya wodi hiyo ndivyo vinavyotangulia kuhamia tumboni mwake.

Lakini havihamii ovyo. Mwaka 2014 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichapisha uchunguzi wa sampuli 922 za choo kutoka kwa njiti 58. Kundi la stafilokoka na enterokoka lilitangulia, likafuata kundi la klebsiela na E. coli, na mwishoni wakaja klostridia, ambao hawastawi penye oksijeni. Antibayotiki, chakula na namna ya kuzaliwa vilibadilisha kasi tu; mfuatano ulibaki uleule. Bakteria wasiotaka oksijeni walitawala mtoto alipokaribia umri wa wiki 33 hadi 36, ukihesabu na zile alizokaa tumboni. Utumbo mchanga bado una oksijeni kidogo, na wanaotangulia huitumia hadi iishe, ndipo wengine wanapoweza kukaa.

Hatari iko kwenye kipindi cha kati, cha akina klebsiela. Ukuta wa utumbo wa njiti una kwa wingi protini iitwayo TLR4, inayotambua maganda ya bakteria wa aina hiyo na kuwasha uvimbe. Uvimbe ukizidi, damu haifiki vizuri na sehemu ya utumbo inaweza kufa. Ugonjwa huu madaktari huuita NEC. Huwakumba zaidi waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500, mara nyingi wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, pale familia inapoanza kuamini kwamba mtoto amevuka. Tumbo likijaa na kukaza, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, muuguzi aitwe papo hapo.

Kinga iliyothibitika zaidi hutoka kwa mama mwenyewe. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza, Alan Lucas na Tim Cole, walichapisha matokeo ya njiti 926: waliolishwa maziwa ya kopo pekee walipata NEC mara 6 hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya mama pekee. Maziwa ya mama yana sukari za aina zaidi ya 100 ambazo mtoto hana uwezo wa kuzisaga. Kwa nini basi mwili wa mama uhangaike kuzitengeneza? Kwa sababu bifidobakteria, wale ambao Henri Tissier aliwaona Paris mwishoni mwa karne ya 19 kwenye choo cha watoto wanaonyonya, wanazila. Wakizila hutoa asidi inayowazuia akina klebsiela kuenea. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ndiyo yenye sukari hizi kwa wingi zaidi, pamoja na kingamwili zinazoufunika ukuta wa utumbo.

Ndiyo maana naumia kila nisikiapo mama wa njiti akiambiwa apumzike kwanza, maziwa yatakuja. Aanze kukamua saa za mwanzo kabisa, na aendelee walau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Matone machache yanayoishia kwenye kijiko yana kazi. Akikosa kabisa, maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30 bado yana zile sukari. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya namna hiyo mwaka 2019.

Kifua cha mama nacho kina nafasi yake. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, uliwaweka watoto kifuani kwa njia ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa bila kungoja watulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliongojeshwa. Sababu mojawapo inayofikiriwa ni kwamba mtoto hupata bakteria wa ngozi ya mama kabla ya wale wa wodi.

Antibayotiki huokoa maisha, sikatai. Ila majibu ya damu yakitoka safi na mtoto akiwa na hali nzuri, mzazi ana haki ya kuuliza zitasimamishwa lini, maana zinawaua na bakteria tunaowahitaji.

Na unga wa bakteria unaouzwa madukani? Jaribio la Australia na New Zealand la mwaka 2013, kwa kuchanganya aina tatu, lilishusha NEC kutoka asilimia 4.4 hadi 2.0. La Uingereza la mwaka 2016, kwa aina moja, halikuonyesha faida. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti aliyepewa bidhaa ya namna hiyo kupata maambukizi ya bakteria haohao na kufariki. Uamuzi wa kumpa mtoto unga huo ni wa daktari wa wodi, kwa bidhaa iliyopimwa. Bibi au shangazi asiuchanganye kwenye maziwa kwa siri, hata kwa nia njema.