Sura ya Saba: Bibi wa Ngazini

Alasiri ya tarehe 19 Septemba 1936, wapiga picha wawili kutoka London walikuwa mbele ya ngazi kuu ya Raynham Hall, jumba la ukoo wa Townshend huko Norfolk, Uingereza. Kapteni Provand alikuwa amejifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Mwenzake, Indre Shira, akapaza sauti kwamba anaona umbo kama moshi likishuka, na papo hapo taa ikawaka. Provand mwenyewe hakuona kitu. Picha ilichapishwa katika jarida la Country Life tarehe 26 Desemba, msimu ambao Waingereza hupenda kusimuliana habari za mizimu.

Jina halikutafutwa. Kwa karne nzima ilisemwa kwamba Dorothy Walpole, dada wa waziri mkuu Robert Walpole, hutembea humo akiwa na gauni la kahawia. Kumbukumbu zinasema alikufa kwa ndui mwaka 1726. Masimulizi yanamtaka afungiwe chumbani na mume mwenye wivu. Hivyo wasomaji walipoona ukungu mweupe penye ngazi, walimjua mwenyewe hata kabla hawajautazama vizuri.

Huku Busasamana, Rwanda, chini ya milima ya volkano, mzimu hauna sura ya namna hiyo. Katika imani ya kale ya Wanyarwanda, waliofuata ibada ya roho aitwaye Ryangombe wakifa huenda Karisimbi, mlima wa mita 4,507; wengine huishia ndani ya moto wa Nyiragongo. Mzimu hujulikana kwa matendo yake: mtoto haponi, ng'ombe wanakufa, mpiga ramli anataja babu yupi ana kinyongo, na jamaa wanamtambikia kwenye kijumba nyuma ya nyumba. Mpiga picha angeelekeza kamera wapi?

Mzimu mweupe unaopenywa na nuru, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kamera zenyewe. Filamu imepakwa chumvi za fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga. Penye giza hazibadiliki, zinabaki tayari kupokea picha nyingine. Piga ngazi yenye kivuli, kisha juu ya filamu hiyohiyo piga kitu cheupe mbele ya pazia jeusi: cheupe kitatokea, na vidato vya ngazi vitaonekana kupitia mwilini mwake. William Mumler wa Boston alifanya biashara ya picha za namna hiyo tangu miaka ya 1860. Akashtakiwa kwa udanganyifu mwaka 1869, na akaachiwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Harry Price, mchunguzi wa mizimu, aliwahoji Provand na Shira na hakuweza kuwayumbisha. Lakini uthabiti wa shahidi ni jambo moja na filamu ni jingine. Waliochunguza picha baadaye walitaja mistari hafifu juu ya vidato, kana kwamba picha mbili zimelaliana bila kukaa sawasawa. Wengine walisema kamera ilitikisika au mwanga uliingia isivyopaswa. Mimi nakubaliana na hao wa kwanza.

Afrika Mashariki tuna kisa cha aina nyingine, na kwangu kina uzito zaidi. Juni 1988 gazeti la Kenya Times lilichapisha picha ya mtu mrefu mwenye ndevu, kanzu nyeupe na kilemba, amesimama kati ya waumini wa mhubiri Mary Akatsa huko Kawangware, Nairobi. Watu waliamini ni Yesu. Huko London, Benjamin Creme akasema ni Maitreya, mwalimu aliyekuwa akimtangaza kwa miaka mingi. Picha ile haikuhitaji hila yoyote: ilionyesha mwanamume aliyesimama juani, basi. Muujiza wote ulikuwa katika maneno yaliyoandikwa kuizunguka.

Kwa hiyo ukiletewa picha ya mzimu kwenye simu, funika maelezo yake kwa kidole, mwonyeshe mtu asiyeijua habari hiyo, umuulize anaona nini.