Jiwe lilitoka, lakini nani alilitoa?

NILIDHANI ni mgongo wa kukaa siku nzima nikihariri video. Kumbe wapi! Saa nane usiku nilikuwa sakafuni kwangu Umoja, nimejikunja, natapika, hata kulia siwezi. Asubuhi, picha ya altrasaundi ikaonyesha jiwe la milimita 4 likishuka kutoka figo ya kushoto.

Tabibu alinipa dawa ya maumivu, akaniambia ninywe maji mengi na nirudi baada ya wiki mbili. Maji tu? Nikapanda matatu hadi mjini, nikaingia duka moja la dawa za Kichina na kuacha Sh1,800. Nikapewa majani makavu yanayoitwa jin qian cao, yaani nyasi za sarafu za dhahabu. Muuzaji alisema Wachina wamefukuzia mawe kwa majani hayo tangu enzi za mababu.

Nikawa nachemsha na kunywa lita mbili kila siku. Siku ya tisa, jiwe hilo likatoka, dogo kama punje ya mchele iliyokatika. Sikungoja. Nikarekodi video: "Wasee, hospitali zinatula pesa bure!" Watu wakashangilia, simu ikajaa maswali ya bei.

Mmoja wa waliouliza ni rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Jiwe lake lilikuwa la milimita 9 na alikuwa amepangiwa siku ya kumwona daktari bingwa. Akaahirisha, akanunua majani. Wiki ya tatu akashikwa na homa ya kutetemeka. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya mkojo na usaha ukajaa nyuma yake. Usiku huohuo madaktari walimwekea mrija kuokoa figo.

Mamake alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, wewe udaktari ulisomea wapi?" Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea udaktari. Nilikosa jibu.

Ndipo nikaanza kusoma, nimechelewa. Kumbe mawe mengi ya chini ya milimita 5 hutoka yenyewe, mtu akinywa maji na kuwa na subira. Kwa hivyo langu huenda lingetoka hata ningechemsha majani ya mwembe. Na zile lita mbili nilizokunywa, si ndiyo maji yaleyale niliyoambiwa hospitalini?

Mtu mmoja kupona si jaribio. Jaribio lenyewe huwa hivi: unachukua watu wengi wenye mawe yanayokaribiana kwa ukubwa, unawagawa kwa kura. Kundi moja linapewa dawa, lingine linapewa kitu kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi, wala daktari anayempima hajui. Kila mmoja anapigwa picha kabla na baada, halafu ndipo mnahesabu. Jin qian cao imewahi kupunguza mawe ya kalsiamu kwa panya wa maabara. Hiyo ni dalili njema, lakini panya si mtu.

Sidharau mitishamba, la hasha. Zile tembe za AL tunazopewa kwa malaria asili yake ni mmea wa Kichina, qinghao. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliutoa kiini chake miaka ya 1970, wakakijaribu kwa wanyama, kisha yeye mwenyewe akakimeza kabla ya wagonjwa kupewa. Mwaka 2015 akatuzwa Nobel. Mmea ulipimwa, ukapita.

Kuna ulioanguka. Mapema miaka ya 1990 mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza uzani walipewa dawa ya Kichina iliyochanganywa na mmea usiofaa, kwa sababu majina ya mimea hiyo miwili yanafanana. Zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi baadaye wakapata saratani. Mmea wa jamii hiyohiyo, guan mu tong, ulikuwa ukitumika kama dawa ya matatizo ya mkojo hadi China ilipoupiga marufuku mwaka 2003. Hebu fikiria, dawa ya mkojo inaua figo!

Nilipokumbuka hayo nikaitafuta pakiti yangu. Haikuwa na orodha ya vilivyomo, wala namba ya usajili ya Bodi ya Dawa na Sumu. Nilikuwa nimekunywa siku tisa kitu nisichokijua.

Video niliifuta, nikaweka nyingine ya kuomba radhi. Haikupata hata robo ya watazamaji wa ile ya kwanza. Rafiki yangu amepona, na jiwe lake lilivunjwavunjwa hospitalini. Juzi alinialika chai kwao. Mamake alinimiminia kikombe, akanitazama, akacheka: "Kunywa, baba. Hii ni majani ya Kericho tu."

Wewe je, una jiwe? Kwanza jua ukubwa wake. Kunywa maji. Ukiona homa pamoja na maumivu, usichemshe chochote, kimbia hospitali.