Kwa Nini Mwanaanga John Glenn Alizikwa Kijeshi

Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Msomaji mpenzi, methali hii ilitimia waziwazi katika maziko ya John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani. Wengi wetu tunamjua kama shujaa wa anga za juu, na kwa miaka 24 alikuwa seneta wa jimbo la Ohio. Mbona basi, mnamo Aprili 6, 2017, alizikwa kama askari? Hebu tulichambue jambo hili.

Kabla ya hayo yote, Glenn alikuwa rubani wa Kikosi cha Marine. Alipigana katika Vita Vikuu vya Pili na baadaye huko Korea, akaruka jumla ya safari 149 za vita. Aliporushwa ndani ya chombo kiitwacho Friendship 7, Februari 20, 1962, alikuwa bado mwanajeshi. Aliizunguka dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa tano. Na tusidhani safari ile haikutugusa sisi: kimojawapo cha vituo vilivyowasiliana naye kwa redio kilikuwa Unguja! Alistaafu jeshini mwaka wa 1965 akiwa kanali.

Siku ya maziko, jeneza lililofunikwa bendera lilikokotwa na farasi katika makaburi ya Arlington, ng'ambo ya mto Potomac kutoka jijini Washington. Gari lile la farasi asili yake ni gari la kubebea risasi za mizinga. Zamani, likishashusha risasi vitani, lilirudi na maiti. Farasi huwa sita, lakini wanaopandwa ni wale watatu wa kushoto tu. Wale wa kulia zamani walibeba mizigo, na hadi leo hutandikwa bila mtu juu yao.

Kisha askari walifyatua bunduki mara tatu. Hapa ndipo wengi hukoroga mambo. Utasikia mtu akisema ati hiyo ni mizinga 21, kwa kuwa askari saba wakipiga mara tatu unapata 21. La hasha! Mizinga 21 ni heshima ya mkuu wa nchi, nayo hupigwa kwa mizinga hasa. Milio mitatu ya bunduki ni ya askari. Hapo kale pande mbili zilisimamisha vita ili kuondoa maiti, na milio mitatu ilijulisha kwamba wafu wamekwisha kutunzwa.

Baada ya hapo tarumbeta ililia wimbo uitwao Taps, wenye noti 24 tu. Ulianza mwaka wa 1862, Wamarekani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, ukiwa ishara ya kuzima taa kambini. Ndiyo maana hupigwa kaburini: kazi ya askari imekwisha, sasa na alale.

Mwisho, bendera ilikunjwa mikunjo 13 hadi ikawa pembetatu, akakabidhiwa mjane wake, Bi. Annie, aliyekuwa na umri wa miaka 97. Tarehe hiyo hiyo ndiyo waliyooana mwaka wa 1943, miaka 74 kamili. Mama huyu alimngoja mumewe katika vita viwili na katika safari mbili za anga, ya pili ikiwa ya 1998, mzee akiwa na miaka 77. Mara zote hizo alirudi. Safari hii iliyorudi nyumbani ni bendera.

Nionavyo mimi, jambo kubwa ni hili: hakuna kilichobuniwa kwa ajili ya mwanaanga. Milio mitatu, tarumbeta na bendera hupewa hata askari wa cheo cha chini kabisa, asiyejulikana nje ya kijiji chao. Aliyeizunguka dunia kwa saa moja na nusu hivi alipigiwa wimbo ule ule anaopigiwa kurutu. Basi ndugu msomaji, siku utakaposikia milio hiyo, usihesabu 21. Hesabu mitatu, kisha unyamaze.