Samaki wa Rangi kwa Tangi Dogo la Nyumbani

Tangi la vioo lenye samaki si pambo la mahoteli makubwa peke yake. Fundi wa vioo aliye hodari aweza kukuundia lako, msomaji, la urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30, likachukua lita zipatazo 50 za maji. Mwambie atumie gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo huua samaki pia. Nawe kabla ya kulipa, itazame vizuri meza yako: tangi hilo likijaa maji lina uzito wa gunia zima la mahindi, au karibu yake.

Tatizo huanza wakati wa kuchagua samaki. Aghalabu mtu huona rangi kwanza, hununua, na baada ya wiki mbili huwaeleza watoto kwa nini tangi limebaki tupu. Rangi ni jambo la pili. La kwanza ni maji uliyo nayo bombani, na ukubwa wa tangi. Yule samaki mwekundu wa dhahabu apendwaye sana, mathalani, huwekwa katika bakuli akiwa kidole tu, kumbe akitunzwa huweza kupita sentimita 20, na uchafu wake ni mwingi. Huyo ni samaki wa bwawa. Bakuli kwake ni kifungo.

Mkazi wa Tabora atauliza: je, samaki wa Kigoma? Kwa hakika hao ni fahari ya nchi yetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na ndani yake mna aina zaidi ya 200 za jamii ya perege na kuhe, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote. Yuko mmoja wa miambani, Tropheus duboisi, ambaye mtoto wake ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota za usiku. Akikua, kichwa hugeuka buluu na mwili hupata mkanda mweupe au wa manjano. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humtafuta kwa fedha nyingi. Lakini kwa tangi dogo simshauri mtu amchukue. Hula ukoka wa mawe. Ukimlisha nyama tumbo huvimba akafa. Tena ni mgomvi, hutaka kuishi katika kundi kubwa na tangi la lita 200 au zaidi.

Isitoshe, maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yana chumvichumvi nyingi za madini. Mji wa Tabora kwa miaka mingi ulitegemea bwawa la Igombe, na tangu mwaka 2021 hupata maji ya Ziwa Victoria, ambayo ni laini. Samaki aliyezoea maji ya Kigoma akitiwa humo ghafla hudhoofika. Ikiwa moyo wako uko Kigoma tu, basi chagua wale wadogo wa sentimita tano au sita wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, na uwatandikie chini mchanga wa chokaa na magamba yenyewe. Rangi yao si kali, lakini kuwatazama wakizika magamba mchangani na kulinda milango yao kunaburudisha kuliko redio.

Wa tatu ni gapi, samaki mdogo wa Amerika ya Kusini mwenye mkia kama kanga. Huyu ni mvumilivu kweli kweli, huzaa watoto hai karibu kila mwezi, na anayeanza hakosi kufanikiwa naye. Sharti moja: wakizidi, usiwamwage mtoni wala bwawani. Tumekwisha kuona sangara, aliyetiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, alivyowafanya furu wa ziwa lile.

Sasa nije kwa yule ambaye wengi wetu tunampita njiani. Burton na Speke walifika Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, wakaendelea hadi Ujiji ambako waliliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Njia ile ya misafara, waliyoipitia wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao, hukata mbuga nyingi za udongo mweusi: kiangazi hupasuka nyufa, masika huwa maji matupu. Katika madimbwi ya mbuga za namna hiyo, nyanda za kati na magharibi, wamo samaki wa jamii ya Nothobranchius. Mmoja wao, taeniopygus, alipewa jina na mtaalamu wa Kijerumani Hilgendorf mwaka 1891. Dume ana magamba ya samawati yaliyozungushiwa wekundu; jike ni wa kijivu, hana makuu.

Wako wasemao kwamba samaki hao huanguka na mvua. Ukweli unastaajabisha zaidi. Dimbwi linapokauka wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu miezi mingi, yakingoja. Mvua ikinyesha huanguliwa, na baada ya wiki chache tu wamekwisha kuwa watu wazima. Kiumbe aliyezoea dimbwi la ng'ombe, lenye joto mchana na baridi usiku, hatishwi na tangi la lita 30 wala na umeme kukatika. Weka dume mmoja na majike wawili au watatu, maana madume hupigana. Walishe viluwiluwi vya mbu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita 10 huwakinga na ugonjwa wa vumbi la ngozi unaowasumbua mno.

Maji ya bomba, kwa samaki yeyote, yalale kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Kila wiki badilisha robo tu ya maji.

Kabla ya kwenda mbugani na wavu, muone afisa uvuvi wa wilaya ujue kibali kinachohitajika, na uchukue wachache. Madimbwi haya hayana ulinzi. Likigeuzwa jaruba na kunyunyiziwa dawa za wadudu, au likifukiwa kwa ajili ya barabara, mayai yote yaliyomo hupotea, na huenda aina nzima ilikuwa na madimbwi machache tu.

Mtoto aambiwe mapema kwamba samaki huyu haishi hata mwaka. Muwekee ndani ya tangi bakuli lenye unga wa makumbi ya nazi uliochemshwa, humo watataga. Baada ya wiki mbili toa unga huo, ukamue hadi ubaki na unyevu kidogo, uufunge katika mfuko wa plastiki na kuandika tarehe. Uhifadhi kabatini miezi mitatu hadi sita. Kisha mwite mtoto, umwage unga katika beseni na kutia maji ya baridi kiasi cha vidole vinne. Mara nyingi haipiti siku moja kabla ya kuona vijisamaki vyembamba kama nyuzi vikirukaruka juu ya unga.