Kujitolea Mobeni: Kizulu Katika Sikio la Mswahili

Mobeni ni eneo la viwanda na maghala kusini mwa jiji la Durban, Afrika Kusini. Jina lake linatokana na neno la Kizulu umoba, yaani muwa. Mtu wa Afrika Mashariki anayekwenda huko kujitolea hukuta lugha mbili zimepakana. Kule juu, Mobeni Heights na Chatsworth, wakazi wengi ni wa asili ya Kihindi, wazao wa vibarua walioanza kuletwa mwaka 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na wengi wao huzungumza Kiingereza nyumbani. Lamontville na Umlazi, zisizo mbali, ni za Kizulu. Kwa hiyo mgeni anaweza kumaliza mwaka mzima kwa Kiingereza pasipo kukwama popote, na hapo ndipo wengi hupotea. Watu wanaohudumiwa kliniki, kwenye vituo vya chakula na kwenye shule za awali huyasema ya moyoni kwa Kizulu.

Karatasi hutangulia safari. Anayejitolea huomba viza ya mgeni yenye idhini ya kazi za hisani zisizo na mshahara, akiambatisha barua ya shirika linalompokea. Akishafika, kazi kubwa ni lugha.

Siku za mwanzo Kizulu humpa Mswahili furaha ya kukutana na ndugu. Umuntu ni mtu, abantu ni watu, amanzi ni maji, inyama ni nyama, ulimi ni ulimi. Kiambishi isi- kinafanya kazi ya ki-, na izi- kazi ya vi-: isifuba ni kifua, izifuba ni vifua. Sentensi nzima hufuata nomino kama ilivyo katika Kiswahili, hata watu watatu wakawa abantu abathathu. Upatanisho huu, unaowasumbua Wazungu kwa miezi, Mswahili anao tayari kichwani.

Lakini undugu huo huo hudanganya. Imali ni pesa tu, hata ikiwa sarafu moja. Ukuvuka ni kuamka, wala si kwenda ng'ambo. Ukufunda, neno ambalo masikioni mwa Mswahili ni kazi ya somo na kungwi, kwa Kizulu ni kujifunza. Anayefundisha husema ukufundisa. Ukubala ni kuhesabu na ukubhala ni kuandika, na asiyetega sikio hatazitenganisha. Tena Kizulu kina toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, jambo ambalo Kiswahili kililiacha zamani.

Kisha kuna vidoko, sauti za kubofya ulimi zilizoingia Kizulu kutoka lugha za Wakhoisan. Herufi c hutamkwa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno, q kwa ulimi kubanduka juu ya kaakaa, x kwa upande wa ulimi. Mtanzania aliyewahi kuwasikia Wasandawe au Wahadzabe hazimshangazi, ila kuzitamka ni jambo jingine. Wala hakuna njia ya kuzikwepa, kwa sababu zimekaa ndani ya maneno ya adabu: ngicela ni naomba, uxolo ni samahani. Anayeona haya kubofya ulimi hawezi kuomba maji wala kutaka radhi, na mgeni hufanya mambo hayo mawili kutwa nzima.

Wapo watakaompa njia ya mkato iitwayo Fanakalo, mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana uliochipuka Natal karne ya 19 ukaenea mashambani na migodini. Ni vizuri kuikataa. Ilikuwa lugha ya bwana kumwamuru mtumishi, na wazee wengi bado husikia amri hiyo ndani yake.

Salamu ndiyo mlango. Sawubona, ukiifungua, ni "tumekuona". Wakiwa wengi husemwa sanibonani. Hujibiwa yebo, kisha hufuata habari, ndipo shida isemwe. Anayeingia ofisini akaanza na shida yake huonekana hakulelewa. Mwanamume mtu mzima huitwa baba, mwanamke mama, bibi kizee gogo, na vijana bhuti na sisi. Heshima zaidi iko katika jina la sifa la ukoo: akina Mkhize huitwa Khabazela, akina Ndlovu huitwa Gatsheni. Mgeni akimwita mzee hivyo, mara nyingi uso wa mzee hufunguka. Kupokea kitu hutumika mikono miwili, au wa kulia ukishikiliwa na wa kushoto, na kijana hamkazii mzee macho.

Mazoezi mazuri yamo ndani ya teksi, kama wanavyoiita huko daladala au matatu. Pasipo konda, nauli hupita mkono kwa mkono hadi mbele na chenji hurudi vivyo hivyo, kwa hiyo hesabu hujifunzwa upesi. Taa za barabarani huitwa roboti. Mezani kuna uphuthu, ndugu wa ugali aliye mkavu na wa chengachenga, unaoliwa na amasi, maziwa ya mgando.

Mgeni Mwafrika anapaswa pia kujua kwamba mwezi Aprili 2015 ghasia dhidi ya wageni kutoka nchi nyingine za Afrika zilitikisa Isipingo, kusini kidogo ya Mobeni, na maelfu wakalala kwenye mahema, baadhi yao Chatsworth. Wenyeji waliojitolea waliwapelekea chakula na mablanketi. Katikati ya jiji, Kituo cha Denis Hurley, chenye jina la askofu mkuu wa zamani wa Durban, huhudumia wasio na makazi na wakimbizi, na miongoni mwa Wakongo wa jiji hilo Kiswahili husikika.

Hata hivyo Mwafrika Mashariki si mgeni wa jana hapo. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Waingereza ziliwashusha Durban mamia ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini wakaitwa Wazanzibari. Waliishi King's Rest, kwenye kilima cha Bluff, hadi sheria ya ubaguzi wa makazi ilipowahamishia Bayview, Chatsworth, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walijifunza Kizulu kwa majirani na Kiingereza kazini. Nyumbani, vizazi kadhaa baadaye, wazee wao walikuwa bado wanaongea Kimakua.