Mpigadebe Aliyemo Ndani ya Friji

The Sims si gemu ya wanasesere. Anayesema hivyo ameona sofa na mapazia, hajaona kilichofichwa ndani ya sofa. Matoleo yake makuu ni manne, la 2000, la 2004, la 2009 na la 2014, na hukumu yangu naitoa mapema: kila lililofuata lilizidi kupendeza machoni, lakini la kwanza ndilo lenye akili na la pili ndilo lenye huruma.

Oktoba 1991 moto mkubwa uliteketeza vilima vya Oakland, California, na nyumba ya Will Wright, mbunifu wa gemu hii, ikawa majivu. Alipoanza kununua vitu upya akajikuta akijiuliza ni kipi hasa mtu anakihitaji. Swali hilo lilizaa gemu iliyotoka Februari 2000 katika studio yake ya Maxis, wakati huo ikiwa tayari mali ya Electronic Arts. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeipita Myst, gemu iliyokuwa ikiongoza, kwa mauzo ya gemu za kompyuta.

Sasa siri yenyewe. Mtu wa ndani ya gemu hii hajui lolote. Hajui friji ni ya nini wala kitanda ni cha nini. Alicho nacho ni mahitaji manane, mengi yakipungua muda wote: chakula, starehe, usafi, haja, nguvu, burudani, watu wa kuongea nao na chumba kinachopendeza. Maarifa mengine yote yamewekwa ndani ya vitu. Fika stendi ya Omurushaka, Karagwe, alfajiri: abiria hahitaji ratiba, wapigadebe watamvuta, huyu Bukoba, yule Nkwenda, na aliye karibu ndiye anayesikika zaidi. Friji ni mpigadebe wa namna hiyo. Inapaza tangazo kwamba itapunguza njaa kwa kiasi fulani. Kitanda nacho kinaita, choo kinaita, televisheni inaita. Kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo wito wake unavyofifia. Programu hupima kila wito kwa hali ya mtu wakati ule, kisha haichukui ulio bora moja kwa moja, bali huokota mmoja kwa bahati nasibu kati ya michache inayoongoza. Ndiyo maana unamwona mtu mwenye njaa akikaa kwanza mbele ya televisheni, ukaapa kwamba ni mvivu wa kuzaliwa. Hana uvivu wowote. Kura imeiangukia televisheni.

Hata miondoko imo ndani ya kitu: friji ndiyo inayompa mtu namna ya kuifungua. Kwa hiyo ukitaka kupanua dunia hiyo unaleta kitu kipya tu, na watu wa zamani watakitumia bila kurekebishwa. Toleo la kwanza lilipata nyongeza saba kufikia 2003.

Wright ameeleza kwamba alikuwa anakejeli tamaa ya mali. Unanunua chombo kikupunguzie kazi, kinaharibika, kinadai kusafishwa, siku inaisha ukikihudumia. Kejeli ile imegeuka duka: nyongeza zote za toleo la nne, kwa bei kamili, zinapita dola 1,000. Wapigie wakulima wa Karagwe hesabu hiyo kwa kilo za kahawa ya maganda uone watakavyokutazama.

Katika toleo la kwanza mtoto wa shule hakui, atabaki na daftari lake milele. La pili likaleta uzee na urithi wa damu, pua ya bibi ikaibuka kwa mjukuu, na watu wakaanza kukumbuka waliowazika. La tatu likafungua mji mzima, ukatoka kwako hadi kwa jirani bila kusimamishwa. Kwa sisi tuliokulia kwenye vibanja vilivyopakana, ambako njia ya kwa jirani inapita katikati ya migomba, hilo ndilo lililokaribia maisha. La nne likaufunga tena: ukitaka kubisha hodi ng'ambo, subiri kwanza skrini ipakie. Lililenga kuzifaa laptopu dhaifu, sawa, lakini lilitoka bila mabwawa ya kuogelea, na watoto wachanga waliruka kutoka kitandani hadi umri wa shule mpaka Januari 2017. Uzembe huo sijausamehe.

Na laptopu dhaifu zenyewe? Toleo la kwanza liliridhika na memori ya megabaiti 32. La nne linadai gigabaiti 4, na tangu 2019 mashine za biti 32 zilianza kuachwa nyuma. Pita kwa mafundi wa Kayanga na Omurushaka uone laptopu za mtumba zilizopewa jina la "imekufa". Nyingi shida yake ni betri, na gemu ya mwaka 2000 haiwezi kuzishinda. Mwishowe zinachomwa na plastiki nyuma ya maduka, moshi tunauvuta wote. Toleo la nne ni bure tangu Oktoba 2022, ila kulishusha kunameza bando zima. Yale mawili ya kwanza yalirudishwa sokoni Januari 2025. Kabla ya hapo mwenye CD isiyo na mikwaruzo alikuwa tajiri.

Gemu hii ina kazi nyingine pia: kuchora nyumba kabla ya kumwita fundi, kujaribu bajeti, kutunga visa na filamu fupi, kuwafundisha vijana wa programu. Kiingereza utaokota cha kwenye menyu tu, maana watu wenyewe wanaongea lugha isiyo na maana, waliyoibuni papo kwa papo studioni waigizaji Stephen Kearin na Gerri Lawlor.