Afya ya Akili: Kila Mtu Anayo

Afya ya akili inapotajwa sokoni Otonglo, wengi huwaza juu ya mtu anayetembea kando ya barabara ya Busia akizungumza peke yake. Maana yake ni pana kuliko hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaieleza kuwa hali njema inayomwezesha mtu kukabiliana na misukosuko ya maisha, kujifunza na kufanya kazi vizuri, na kuchangia katika jamii yake. Kwa hivyo kila mtu ana afya ya akili, kama alivyo na afya ya mwili. Inaweza kuwa imara leo na kuyumba kesho.

Muuza omena aliyepata hasara anaweza kukosa usingizi siku mbili tatu, kisha akarejea kibandani. Hilo ni la kawaida. Lakini huzuni ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akakosa hamu ya kula, akajitenga na watu na kujiona hana thamani, huenda ni ugonjwa wa mfadhaiko. Huo si uvivu wala laana. Hutibiwa kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili.

Familia nyingi zimeficha hali hii kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mhusika angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayefikia hatua hiyo anahitaji matibabu.

Ukimwona jirani amebadilika, keti naye umsikilize. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya, bali humpa nafasi ya kusema. Akikubali, usimwache peke yake, na uweke mbali dawa za wadudu na vitu vingine vya hatari.

Msaada huanzia karibu. Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea boma lenu, au fika katika zahanati iliyo karibu. Anayehitaji matibabu zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, mjini Kisumu. Unaweza pia kupiga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo.